Siwatu na Mkuyu Uliokataa Kulindwa

Paukwa!

"Pakawa!"

Mbona mnaitika kama watu wenye viazi vya moto mdomoni? Ah, kumbe kweli mna viazi vya moto mdomoni. Haya, mezeni, nasubiri. Wewe sogea, umekalia kanga yangu. Tayari? Paukwa!

"Pakawa!"

Sasa nimesikia watu. Hapo zamani za kale, wakati ukimsemesha mnyama anakujibu, na wakati mwingine anakujibu vibaya, palikuwa na kijiji kinaitwa Kiwambo. Watu wa Kiwambo walilima mpunga kando ya mto. Na kwa kuwa walilima mpunga, kulikuwa na kazi moja waliyoijua kuliko watu wote wa dunia hii, nayo ni kuamia.

Nani anajua kuamia? Wewe? Wewe unajua kula wali tu. Kuamia ni kukaa shambani tangu alfajiri mpaka jua linazama, juu ya dungu, lile jukwaa refu la miti, unafukuza ndege wasimalize mpunga. Unapiga ukelele, unapiga upatu, unarusha mawe kwa kombeo. Kiwambo mtoto alijua kusema "toka!" kabla hajajua kusema "mama." Kijana akienda kuposa, wakwe hawakumuuliza ana ng'ombe wangapi. Walimwambia, "Hebu baba, tupigie ukelele tukusikie." Akipiga wakakuta ni wa kukohoa tu, anapewa chai anarudi kwao.

Na katika wapiga kelele wote wa Kiwambo, hakuna aliyemfikia mwanamke mmoja, jina lake Siwatu.

Siwatu alikuwa mwembamba. Ukimwona kwa mbali utasema kuna mtu ameusahau mchi wake shambani. Lakini koo! Jamani, koo! Alikuwa anapanda dungu, anajishika kiuno, anaachia:

"Hoyaaa! Huyooo! Toka kwetuuu!"

Ndege wa shambani waliruka. Ndege wa kijiji cha pili waliruka. Kuku wa ng'ambo ya mto walitaga kabla ya siku zao.

Na harusini ndiye aliyekuwa mwimbishaji. Bonde zima lilikuwa haliozi mpaka Siwatu awepo. Mama yake alipofariki hakumwachia shamba, hakumwachia mbuzi, hakumwachia nyumba. Alimwachia koo lile. Basi Siwatu aliipenda sauti yake, aliiringia, aliitunza. Chakula cha pilipili kikija alikipisha.

Sasa sikilizeni. Pale ukingoni mwa mto palikuwa na mkuyu. Mkubwa! Watu saba wakishikana mikono hawauzunguki. Hakuna aliyeupanda na hakuna aliyeujali. Watu walipita chini yake wakienda shambani, wakatema mate, wakaendelea na safari zao. Juu yake ninga, wale njiwa wa kijani, walikula makuyu, tumbili walikula makuyu, popo walikula makuyu. Yaliyoanguka aliokota nguruwe mwitu. Kwenye tundu la shina alikaa Hondohondo na mkewe. Kila siku mkuyu unakula watu wake, yaani unalisha watu wake. Usinicheke, ulimi umeteleza.

Mwaka mmoja mto ukafura. Ukaja na matope, ukaja na magogo, ukaja na hasira. Ukaung'oa mkuyu na mizizi yake, ukaondoka nao.

Asubuhi wanyama wakaja kufungua kinywa, wakakuta shimo. Ninga akamtazama tumbili. Tumbili akamtazama nguruwe mwitu. Nguruwe mwitu akautazama mpunga.

Ehee! Mmeshajua kilichofuata.

Walishuka shambani kama wageni waalikwa. Ninga kwenye mpunga, tumbili kwenye mahindi, nguruwe kwenye mihogo. Popo wakahamia kwenye dari za nyumba, wakala ndizi za watu na kuwanyea watu vichwani. Mzee mmoja aliamka akakuta ngedere amelala kwenye mkeka wake, amejifunika vizuri, na mto wa kulalia amechukua yeye.

Kiongozi wa kijiji alikuwa Jumbe Mwinyikondo, mtu wa tumbo kubwa na hotuba ndefu. Akaja mbio chini ya dungu, ameshika kofia.

"Siwatu! Mwanangu! Ongeza sauti!"

Siwatu akaongeza sauti. Zamani alikuwa anapiga kelele asubuhi kidogo na jioni kidogo, kutwa anasuka ukili. Sasa ikawa kutwa nzima, hapumziki hata kumeza mate. Wanyama wanaruka, wanazunguka, wanarudi. Njaa, jamani, haiogopi kelele.

Msimu wa kwanza sauti ikaanza kukwaruza. Msimu uliofuata ikapasuka katikati, nusu inatokea mdomoni na nusu puani. Msimu mwingine tena, kwenye harusi ya binti wa Jumbe mwenyewe, Siwatu akasimama mbele ya watu, akajishika kiuno, akafungua kinywa aimbe. Ikatoka sauti ya mlango unaolia. Bwana harusi akainuka kwenda kuufungua.

Watu walicheka mpaka wakashikana. Siwatu hakucheka. Alijifunika ushungi, akatoka kwa mlango wa uani, akaenda moja kwa moja kwa Bi Mwanamvua, mganga wa makoo.

Bi Mwanamvua akamwambia, "Fungua kinywa." Akachungulia. Akasogeza taa. Akachungulia tena.

"Mh."

"Mh nini, bibi?"

"Mwanangu, humu ndani umekomba sufuria. Kunong'ona utanong'ona. Lakini ukelele, ule wenyewe wako, umebaki mmoja. Ukiutoa, sijui kama utapata mwingine."

Siwatu alilia. Alilia kimyakimya, maana hata kilio kilikuwa hakina sauti, na hilo likamliza zaidi. Akanong'ona, "Bibi, mimi bila sauti ni nani? Sina kingine. Mama hakuniachia kingine."

"Nyamaza basi. Eh, umeshanyamaza, samahani. Sikiliza. Asali na tangawizi nitakupa, lakini hazitasaidia ukirudi kupayuka kutwa. Zamani hukupiga kelele kutwa. Kwa nini?"

Siwatu akafikiri. Akafikiri tena. Akakumbuka wale wanyama walikuwa wanakula wapi.

"Mkuyu!" akanong'ona.

"Mimi sijasema kitu," akasema Bi Mwanamvua, akamfungia asali.

Basi Siwatu akaamua kupanda mkuyu. Akatembea mpaka bonde la mbali, akarudi na kikapu cha makuyu mabivu. Akaenda ukingoni mwa mto, akalima, akasawazisha, akapasua makuyu, akafukia mbegu zake kwa mistari iliyonyooka. Halafu akafanya anavyofanya mtu yeyote wa Kiwambo. Akajenga dungu dogo pembeni, akakaa na kombeo, akalinda. Akija ndege, anarusha jiwe na kunong'ona:

"Hoya... huyo... toka kwetu..."

Alilinda wiki. Alilinda mwezi. Alilinda mpaka majani yakaota kwenye dungu. Kwenye mistari hakikuota kitu.

Siku moja akatua Hondohondo kwenye tawi la karibu. Mnamjua Hondohondo, yule ndege mwenye mdomo mkubwa kuliko akili yake. Na juu ya mdomo ana mdomo mwingine, kama vile mmoja haumtoshi.

"Siwatu, Siwatu, Siwatu! Unafanya nini?"

"Napanda mkuyu. Toka kwetu."

"Kwa jembe?"

"Ulitaka nipande kwa kijiko?"

Hondohondo akacheka. Akacheka mpaka mdomo ukamzidi uzito, akapinduka kutoka tawini, pu! Akasimama, akajipangusa mavumbi, akacheka tena.

"Dada yangu, mbegu ya mkuyu inapenda safari. Inaingia huku," akaonyesha mdomo. "Inatembea, inapumzika, inapata joto. Halafu inatokea huku." Akageuka, akaonyesha mkia.

Haya, chekeni. Chekeni mmalize. Nani amepaliwa na kiazi? Mpigeni mgongoni.

Siwatu akamkodolea macho. "Yaani niyafuate tena makuyu kwa miguu mpaka bonde la mbali, uyale yote, halafu uje uninyee?"

"Samahani kwa kusema, ndiyo. Tena penye unyevu, nitachagua mwenyewe mahali pazuri. Mimi ni baba wa familia, siyo mhuni. Mke wangu amejiziba ndani ya shina la mnazi mkavu, analalia mayai, na mimi ndiye ninayemlisha kwa kitundu. Tulipokuwa mkuyuni alikaa chumba kikubwa. Sasa kachumba kamebana, mkia umebaki nje. Mvua ikinyesha unalowa, na matusi yote napata mimi."

Kutoka mbali ikasikika sauti ya mkewe ndani ya mnazi: "Kuyu! Umeniletea kuyu? Mwanamume wewe, uko wapi na kuyu langu?"

"Unamsikia?" akasema Hondohondo kwa unyonge.

Siwatu akaenda, akarudi na kikapu kingine. Hondohondo akala. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya Siwatu. Mkono wa kulia ulienda wenyewe kwenye kombeo, akaukalia. Mkono wa kushoto ukaenda kwenye upatu, akaukalia nao. Ulimi ukaanza "hoya," akauuma. Ndege anakula mbele yake, na yeye, Siwatu wa Kiwambo, ametulia tu kama bibi harusi.

Hondohondo akashiba, akampelekea mkewe, akarudi, akazunguka ukingo wote kama mtu anayenunua kiwanja. "Hapa? Hapana, pana jua. Hapa? Hapana, pana sisimizi. Hapa!" Akanyanyua mkia.

Mvua iliponyesha, palepale, kikachipua kimkuyu chenye majani mawili.

Siwatu alicheza. Alicheza peke yake matopeni, hana wimbo, anapiga makofi tu. Kisha akazungushia miiba mbuzi wasikifikie, na hapo alifanya sawa, mbuzi ni mbuzi. Lakini si unajua mazoea? Kikaja kindege kinaitwa shore, kile chenye kishungi kichwani. Siwatu, vuu! Jiwe. Shore akarudi. Vuu! Akarudi tena. Vuu!

"Wewe mama, una nini?" akafoka shore kutoka mbali. "Umetazama chini ya majani?"

Siwatu akatazama. Viwavi! Wamejipanga, wanatafuna, wanasikika kabisa, kru kru kru. Nusu ya mti imekwisha.

"Ndio kifungua kinywa changu hicho," akasema shore. "Unanifukuza mimi, unawalinda wao. Mlinzi gani wewe?"

Siwatu akalitua kombeo. Shore akaita ndugu zake, wakala viwavi mpaka wakashindwa kuruka, wakarudi kwao kwa miguu.

Mwaka ukaja, mwaka ukaenda. Mkuyu ukampita Siwatu magoti, ukampita mabega, ukampita kichwa. Yeye huko shambani aliamia kwa upatu na kombeo tu. Mpunga uliliwa, na watu wa Kiwambo walikula uji mwepesi na kununa. Jumbe akasema, "Huyu mwanamke anacheza na miti wakati tunakufa njaa." Siwatu alisikia, ikamuuma, lakini hakuwa na sauti ya kumjibu. Ule ukelele mmoja aliuweka. Alipotaka kupiga chafya alijifunga mdomo kwa kanga, asije akaupoteza kwa chafya.

Mwishowe mkuyu ukawa mti kweli. Na asubuhi moja, makuyu! Yametoka kwenye shina, yametoka kwenye matawi, mafungu kwa mafungu. Mabichi, madogo, magumu. Siwatu aliyabusu. Halafu akasema moyoni, haya sasa yasije yakaingiwa na wadudu. Akakusanya makuti mabichi, akawasha chini ya mti, akafukiza moshi kila alfajiri, kama watu wa Kiwambo walivyofukiza maghala yao.

Makuyu yakakaa, yakasinyaa, yakaanguka. Tap, tap, tap. Yote. Yakatoka mengine. Akafukiza zaidi. Yakaanguka. Tap, tap, tap.

Siwatu akakaa chini, akalia ule uliaji wake wa kimya. Ndipo akasikia ndani ya sikio:

"Jamani, humu ndani hamfagii?"

"Nani?" akanong'ona.

"Mimi. Usitikise kichwa, nitaanguka!"

Kilikuwa kinyigu, kidogo kuliko chawa. Mtu mwingine yeyote wa Kiwambo asingekisikia, maana masikio yao yalishazoea upatu. Lakini Siwatu alikuwa ameishi na kunong'ona miaka mingi. Yeye na kinyigu walikuwa na sauti moja. Wakazungumza kama mashoga barazani.

"Nimetoka mkuyu wa bonde la mbali," kikasema kinyigu. "Upepo umenibeba usiku kucha. Nafika hapa, moshi! Nakohoa! Dada zangu wote wamegeuza. Mama, unafukiza nini?"

"Nawafukuza wadudu wasiharibu matunda."

"Umeshaona maua ya mkuyu?"

Siwatu akafikiri. Amezaliwa chini ya mkuyu, amekulia chini ya mkuyu, hajawahi kuona ua lake.

"Yamo ndani," kikasema kinyigu. "Kuyu ni nyumba, maua yamo chumbani, na mlango ni mdogo hata mimi naacha mabawa yangu kizingitini. Naingia na vumbi la maua kutoka kwetu. Nisipoingia hakuna harusi. Pasipo harusi, kuyu linaanguka. Sasa wewe umekaa mlangoni na moshi, unawafukuza waalikwa."

Siwatu alichukua mtungi wa maji akaumwaga wote kwenye moto. Shaaa! Kisha akasimama, akainamisha sikio kwenye tunda, akasema, "Karibu, mama. Karibu ndani. Tafadhali usijali fujo."

Kinyigu kikaingia, kikafuatwa na kingine, kikafuatwa na wingu zima. Siwatu akasimama pembeni, mikono ameifungia nyuma, asije akapiga kofi kwa bahati mbaya.

Makuyu yakashika. Yakavimba. Yakaanza kuwa mekundu mashavuni. Na harufu ile, tamu, ikatoka mtoni ikaingia mwituni, ikaingia kijijini.

Sasa hapa ndipo mshike viti vyenu. Hamna viti? Shikaneni.

Mpunga nao ulikuwa umeiva, wa dhahabu bonde zima. Jumbe Mwinyikondo alipoinusa ile harufu, akafanya kile ambacho mtu wa Kiwambo tu angeweza kukifanya. Akapiga mbiu.

"Ndugu zangu! Makuyu yameiva! Na kwetu kitu kikiiva kinafanywaje?"

"Kinalindwa!" wakaitika wote.

"Asile mnyama hata mmoja! Twendeni tukaamie mkuyu!"

Wakatoka. Kijiji kizima! Wanaume na makombeo, wanawake na upatu, vikongwe na vifuniko vya sufuria, watoto na vibuyu vya kokoto. Na upande wa pili, kutoka mwituni, wanakuja wengine: ninga, tumbili, nguruwe mwitu na wanawe, popo walioamka makusudi, na Hondohondo mbele yao kifua mbele. Mkuyu uko katikati. Na chini ya mkuyu yuko Siwatu, mwembamba, peke yake.

Akawapungia watu wa kwao. Akanong'ona, "Msije, jamani. Waacheni wale. Wakila hapa hawatakula kule."

Nani amsikie? Kwanh! Kwanh! Upatu unalia. Jumbe akanyanyua mkono. Wanyama wakasita. Ninga wa kwanza akageuza shingo akautazama mpunga.

Siwatu akamwona ninga yule. Akajua wakifukuzwa hapa, wanakwenda kule, na mambo yote yanarudi mwanzo. Akaweka mkono kooni. Alijua umebaki mmoja. Aliuweka kwa harusi, aliuweka kwa siku ya furaha yake, aliuweka miaka yote ile hata chafya akaimeza. Machozi yakamtoka. Aliuonea uchungu, hakuwa na mwingine duniani. Kisha akajishika kiuno, akawageukia watu wa Kiwambo, akauachia.

"HOYAAA! HUYOOO! TOKENI HAPAAA!"

Lo! Kofia ziliruka. Vibuyu vilipasuka mikononi. Maji ya mto yalirudi nyuma kidogo. Na watu wa Kiwambo, ambao maisha yao yote waliona ndege wakikimbia sauti ile, leo walikimbia wao. Walikimbia kama ninga, walikimbia kama tumbili, walikimbia kama nguruwe, kila mtu kwa mtindo wake. Vikongwe waliwapita vijana. Jumbe Mwinyikondo alianguka kwenye jaruba la matope, akatulia humo, ametoa macho tu.

Wanyama hawakukimbia. Waliona wazi kwamba leo anayefukuzwa ni mwingine. Wakapanda mkuyu wakala.

Siwatu akafungua kinywa aseme, "Karibuni." Hakikutoka kitu. Hata mnong'ono haukutoka. Akafunga kinywa, akakaa kwenye mzizi, akawatazama wakila.

Siku zikapita. Wanyama walikula mkuyuni asubuhi, walikula mkuyuni mchana, popo wakala zamu ya usiku. Mke wa Hondohondo akaja kukagua shina, akakuta bado halina tundu la kumtosha, akamtukana mumewe, halafu akakaa hivyohivyo kwa sababu chakula kilikuwa karibu. Na mpunga? Hakuna aliyeugusa. Ulisimama peke yake bondeni, hauna mlinzi, hauna dungu lenye mtu, hauna hata kelele. Watu walikwenda kuutazama, hawaamini macho yao.

Wakaona haya. Wakampelekea Siwatu uji wa asali, wakampelekea kanga, wakampelekea mayai. Bi Mwanamvua akachungulia kooni, akasema "Mh," safari hii hakuongeza neno. Siwatu alitabasamu tu na kupokea. Lakini ilipopigwa ngoma ya vijana jioni, alikaa mbali.

Siku ya kuamkia mavuno, Jumbe akakusanya watu wote penye mkuyu, amshukuru Siwatu. Alikuwa na nia njema, nawaambia ukweli. Ila hotuba ikikaa mdomoni mwa Jumbe inakua.

"Ndugu zangu! Tumshukuru Siwatu, ambaye aliupanda mkuyu huu. Aliupanda kwa ushauri! Na ushauri ulitoka wapi? Ulitoka kwa uongozi! Kwa hiyo ukitazama vizuri, ndugu zangu, mkuyu huu kwa kweli, kwa hakika, kwa undani wake, aliyeupanda ni mi..."

Akatanua mdomo kwa ile "mi." Tumbili mmoja juu akakosea kushika, kuyu bivu likamponyoka, likashuka likizunguka, likaingia mdomoni mwa Jumbe kama limeitwa. Glup! Likakwama.

Jumbe akawa anaendelea na hotuba kwa mikono. Mikono inasema, macho yanasema, mashavu yamevimba, sauti hakuna.

Siwatu akamtazama. Bega lake la kulia likatikisika. Bega la kushoto likatikisika. Ikatoka sauti ndogo ya mlango unaolia: kwiii. Watu wakageuka. Ikatoka tena, nene zaidi: kwaaa. Na kisha, jamani, kikaachia! Kicheko! Kilianzia miguuni, kikapita tumboni, kikafika kooni kikakuta mlango umefungwa, kikaupiga teke!

"Haaa! Haaa! Haaaaa!"

Kuku wa ng'ambo ya mto wakataga palepale.

Ila sasa, mti mzima ukaruka. Ninga wote, shore wote, popo wote, Hondohondo akiwa na kuyu mdomoni, puuu, wakapaa juu kwa pamoja. Tumbili wakatawanyika. Nguruwe wakachomoka. Na wote walielekea upande mmoja, kwenye mpunga. Mpunga ulioiva, ambao haujavunwa, ambao hauna mlinzi.

Watu wakaganda. Hakuna aliyeshika kombeo, maana walikuja na masufuria ya karamu. Wakatazama wanyama wakizunguka juu ya mpunga mara ya kwanza. Wakatazama wakizunguka mara ya pili. Siwatu amejiziba mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka.

Ninga wa mbele akautazama mpunga. Akautazama mkuyu. Akarudi mkuyuni. Na wote, hata nguruwe, wakageuka nyuma yake, wakarudi mezani kwao, kila mmoja akaendelea pale alipoachia.

Jumbe akameza kuyu lake, akavuta pumzi, akamsogelea Siwatu taratibu kabisa, akamwambia kwa heshima, "Mwanangu, tafadhali, unaweza kucheka polepole?"

Siwatu akajishika kiuno.

"SIWEZIII!" akasema, na bonde zima likaitika naye, "Siwezi, siwezi, siwezi," mpaka ikawa wimbo, wakaanza kuucheza.

Hadithi yangu imeishia hapo, na viazi vyenu navyo naona vimeishia hapo. Mwenye nguvu ya kucheka bado, acheke. Mwenye usingizi, aniachie kanga yangu.